Fundi wa Watu wa Sponji

Kazi ya Fundi ilikuwa kushona watu waliogongwa. Kila asubuhi alifungua mlango wa bati wa karakana yake, akawasha taa, akawakuta wamelala juu ya meza ndefu kama wagonjwa wanaomsubiri daktari wa zamu: huyu mkono umechomoka begani, yule shingo imechanika mpaka sponji la njano linachungulia, mwingine mzima kabisa ila ana alama ya tairi kwenye suruali. Fundi aliwaangalia mmoja mmoja, akauliza, "Haya, nani kaumia zaidi?" kisha akavuta kiti na kutia uzi sindanoni.

Walikuwa masanamu ya uwanja wa majaribio ya magari. Uwanja wenyewe ulikuwa barabara moja pana ya lami, imenyooka kama rula, imezungushiwa uzio, na magari mapya yaliletwa pale kupimwa breki. Si zile za kukanyaga kwa mguu tu, bali zile zinazojishika zenyewe. Kamera ndogo iliyo nyuma ya kioo cha mbele inatazama barabara, rada iliyofichwa puani mwa gari inapima umbali, na kompyuta ikiona kuna mtu mbele na dereva amezubaa, inapiga kelele. Dereva asiposikia, gari linajifunga breki lenyewe. Sasa, ili kujua kama gari kweli linajua kusimama, lazima mtu apite mbele yake. Na kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayekubali kazi hiyo, walipita watu wa sponji, wakivutwa na mkanda mwembamba uliotandazwa lamini, miguu yao ikienda mbele na nyuma kwa mota kama ya mtu anayevuka kuwahi duka lisifungwe.

Zamani Fundi alikuwa akishona mito ya makochi na magodoro. Siku moja mhandisi mkuu wa uwanja, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliingia dukani kwake na mkono wa sponji ndani ya mfuko wa plastiki.

"Unaweza kuushona huu?" aliuliza.

Fundi akaugeuza huku na huku. "Naweza. Mwenyewe yuko wapi?"

Mhandisi akacheka mpaka akakaa. Wiki iliyofuata Fundi alikuwa na karakana yake uwanjani, cherehani mpya, na wagonjwa wasiokwisha. Alijifunza kwamba chini ya ngozi ya kitambaa kuna tabaka lenye nyuzi za chuma, ili rada ilione sanamu kama inavyomwona binadamu. Ukililegeza, gari litaona kitu kisichoeleweka. Alijifunza kwamba viungo vimeshikwa kwa sumaku, ili sanamu likigongwa liachane vipande bila kuharibu gari. Kuhusu mavazi, mhandisi alitaka nguo za kawaida, zile watu wanazovaa barabarani, kwa hiyo Fundi alikusanya nguo kuukuu nyumbani kwake na kwa majirani. Na kwa kuwa huwezi kumshona mtu kila siku bila kumwita jina, aliwabatiza. Mrefu mwenye koti alikuwa Bwana Harusi. Mnene alikuwa Shangazi. Mdogo, yule aliyekuwa akichomoka nyuma ya magari yaliyoegeshwa, alikuwa Mtoro.

Aliipenda kazi hiyo, na alichokipenda zaidi ni kwamba siku magari yalipofanya vizuri, yeye alikosa kazi. Alikaa nje ya karakana na kikombe cha chai, akatazama gari likija mbio, likilia, likiinamisha pua na kusimama hatua moja mbele ya Shangazi, naye Shangazi akiendelea na safari yake bila hata kugeuka. Fundi alikuwa akisema moyoni, nenda salama dada. Aliyaona mambo hayo mara nyingi mno hata akayaamini magari hayo kuliko alivyowaamini baadhi ya ndugu zake.

Ndiyo maana, mumewe alipoletewa gari la namna hiyo, aliyefurahi zaidi alikuwa yeye.

Mumewe alikuwa dereva wa teksi. Pale kijiweni walimwita Kanyaga, na hakupewa jina hilo kwa kuwa mpole kwenye mafuta. Alikuwa dereva mzuri kwa kweli, mwenye macho ya kunguru, anayejua kila kona na kila shimo, lakini alikuwa na haraka ya kuzaliwa nayo. Mama yake alisema hata tumboni hakukaa miezi yote. Tajiri wake, yaani mwenye gari, alipoamua kuliuza lile la zamani na kumkabidhi jipya lenye kamera, rada na taa za kila rangi kwenye dashibodi, Kanyaga alilileta nyumbani kabla hata hajalipeleka kijiweni.

"Mama watoto, toka nje uone!" aliita kutoka getini. "Wale jamaa zako wa uwanjani wamenifuata mpaka nyumbani!"

Fundi akatoka na tepu ya kupimia shingoni. Akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha mbele, akachungulia juu, akaiona ile kamera, akakigonga kioo kwa ukucha kama anayebisha hodi. "Hili linasimama," alisema. "Nalijua. Lililetwa kwetu mwaka jana. Halikumgusa Shangazi hata siku moja."

"Shangazi gani?" aliuliza mama mkwe kutoka barazani.

"Wa sponji, mama."

"Aa. Nikadhani ndugu yetu."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha. Jioni moja Kanyaga alirudi, akanawa, akala nusu ya sahani, ndipo akasema. Alikuwa kwenye barabara kuu na abiria, akageuka kidogo tu kutazama jina la hoteli upande wa pili, na lori lililokuwa mbele yake likasimama ghafla. Hakuliona. Gari liliona. Lilipiga kelele, mkanda ukamkaba kifua, likasimama lenyewe, na alipofungua macho aliweza kusoma maandishi madogo kwenye tela la lori.

"Yaani ningekuwa na lile la zamani," alisema, "saa hizi mngekuwa mnapokea wageni."

Fundi akamshika mkono juu ya meza. Mama mkwe akaenda chumbani, akarudi macho mekundu, akasema vumbi limemwingia. Usiku huo wote watatu walilala usingizi mzuri, na asubuhi Fundi alipofika uwanjani alimsimulia mhandisi, naye mhandisi akaandika kitu na kutabasamu siku nzima.

Lakini binadamu ukimwokoa mara moja, mara ya pili anakusubiri umwokoe tena. Kanyaga alianza kulizoea gari. Kwanza aliacha kuangalia pembeni, maana gari lina macho. Kisha akaachia usukani kwenye barabara zilizonyooka, maana gari lilijua kukaa katikati ya mistari. Gari lililia kumtaka ashike, naye akaligusa kwa kidole kimoja, likanyamaza. Kijiweni alikuwa akionyesha wenzake: "Tazama, nakunja mikono. Tazama." Wenzake walishangilia. Jina la Kanyaga likaanza kumtoka; wakamwita Abiria.

Aliyeleta habari nyumbani alikuwa mama mkwe. Kanyaga alikuwa amempeleka kupima macho, na waliporudi mama alishuka akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akaingia karakana ndogo ya nyumbani ambamo Fundi alikuwa akipiga pasi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mkwe wangu," alisema, "mwanangu ameacha kuendesha. Sasa anasafirishwa kama mimi."

"Kafanya nini, mama?"

"Kala chungwa."

"Chungwa si mbaya."

"Kalimenya! Barabarani, mikono yote miwili, na kisu. Nikamwambia, mwanangu, mikono yako iko kwenye chungwa, usukani kashika nani? Akaniambia, gari lenyewe, mama, lina akili. Nikamuuliza, akili ya nani? Akasema ya kompyuta. Nikamwambia huyo kompyuta mimi simjui, na sijui kama mama yake anajua yuko barabarani." Akavuta pumzi. "Halafu akanipa nusu."

"Ukala?"

"Nikala. Ningefanyaje? Lilikuwa tamu. Lakini nimekula nikiomba."

Fundi alicheka, lakini alipogeuka kwenye pasi kicheko kilimkauka. Jioni alimngoja mumewe amalize kula.

"Baba watoto, nasikia unamenya machungwa."

Kanyaga akamtupia mama yake jicho. Mama alikuwa ghafla ana kazi kubwa ya kukunja kitambaa.

"Gari linajiendesha," Kanyaga alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenisifia. Si ulisema linasimama?"

"Nilisema linasimama. Sikusema linasimama siku zote."

"Linasimama kwa Shangazi wako wa sponji lisisimame kwa mtu wa nyama?"

"Meza yangu haijawahi kukaa tupu wiki nzima," Fundi alisema. "Wale wanaolala pale wanatoka wapi? Wanajigonga wenyewe?"

"Hayo ni magari mabovu."

"Ni magari mapya. Kama lako."

Kanyaga hakuwa mtu wa kugombana na chakula tumboni. Alitikisa kichwa, akasema ameelewa, akaenda kuoga akipiga mluzi. Fundi alimjua mumewe: akisema ameelewa, maana yake mazungumzo yamekwisha.

Hakulala na hasira. Alilala na swali. Yeye hakulichukia lile gari. Lilimrudishia mumewe siku ya lori, na angelibusu pua kama lisingekuwa na vumbi. Tatizo ni kwamba yeye alijua pande zote mbili za habari, na mumewe alijua upande mmoja, na upande wa pili hausimuliki. Lazima uuone.

Bahati nzuri, uwanja ulikuwa na siku ya kuwakaribisha madereva wa kazi: teksi, mabasi, magari ya mizigo. Mhandisi aliamini mtu anayeshinda barabarani ana haki ya kujua gari lake linaweza nini na haliwezi nini. Fundi akamwomba nafasi moja. Mhandisi akasema, "Mlete." Kanyaga aliposikia, alifurahi kama mtoto anayepelekwa kutazama treni. Mama mkwe naye akasema habaki nyumbani peke yake, akavaa viatu vyake vizuri.

Asubuhi ya siku hiyo Fundi alikuwa na haraka. Bwana Harusi alikuwa ametoka kugongwa jana yake. Mwili alishaushona, lakini koti lilikuwa limekuwa matambara. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa nguo kuukuu alioutoa nyumbani, akavuta kilichokuwa juu: shati la kijani lenye mistari myeupe. Akamvalisha, akafunga vifungo, akamsimamisha, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama kama anavyofanya kila mara.

Lilikuwa shati la mumewe. Alilivaa miaka mingi, kola imechakaa upande mmoja kwa sababu ana tabia ya kuinamisha shingo akisikiliza abiria. Na Bwana Harusi alikuwa na urefu wake, na mabega yake. Fundi alinyoosha mkono kulivua. Kisha akausikia mlio wa lango, na kicheko cha Kanyaga akitaniana na mlinzi, na mkono wake ukabaki hewani. Akaliacha.

Wageni walikaa chini ya turubai, kando ya barabara. Mama mkwe alipewa kiti cha mbele na chupa ya maji. Dereva wa majaribio, bwana mfupi mnyamavu aliyevaa kofia ngumu, alikuwa akichukua mgeni mmoja mmoja pembeni yake. Zamu ya Kanyaga ilipofika, alasiri, mhandisi alimweleza: "Huyu dereva hatakanyaga breki hata kidogo. Chochote utakachokiona ni kazi ya gari lenyewe. Usimsaidie."

"Mimi nilisaidie gari?" Kanyaga alisema. "Nalijua hili. Ninalo nyumbani."

Gari likaenda mwisho wa barabara, likageuka. Likaja kwa mwendo wa mjini. Kutoka upande wa kulia Bwana Harusi akaanza kuvuka, miguu ikienda, shati la kijani likipepea.

Chini ya turubai mama mkwe alikunja macho. "Yule si..."

"Ni sanamu, mama," Fundi alisema haraka.

Gari likalia. Pua ikainama, matairi yakakoroma, likasimama. Kati ya bampa na shati kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiti. Wageni wakapiga makofi. Ndani ya gari Kanyaga alikuwa akicheka, akionyesha kidole gumba upande wa turubai kama aliyelitengeneza yeye.

Wakarudia kwa mwendo uleule. Likasimama tena, safi zaidi. Mama mkwe naye akapiga makofi, akamwambia jirani yake, "Mwanangu analo kama hilo. Linamshinda yeye akili." Fundi aliangalia yote haya na alikuwa na furaha ya kweli, maana hata baada ya miaka hiyo yote, kuona kitu kizito kikisimama kwa ajili ya mtu kulimgusa kila mara.

Kisha mhandisi akachukua kipaza sauti. "Sasa tutaongeza mwendo. Tutaegesha gari dogo la mizigo pembeni, na mtu atatokea nyuma yake. Na kama mnavyoona, jua limeshuka kidogo, linapiga moja kwa moja kwenye kamera. Hivi ndivyo barabara zenu zilivyo kila siku jioni."

Gari likaja. Safari hii sauti yake ilikuwa nyingine, ya kuvuma. Likapita alama ya kwanza, ya pili. Nyuma ya gari la mizigo shati la kijani likachomoka.

Likalia. Likafunga breki; Fundi aliona pua ikiinama vilevile kama mwanzo. Lakini nafasi haikutosha. Mlio wa kugonga ulikuwa mdogo, kama mtu aliyepiga godoro kwa fimbo. Bwana Harusi akaachana: mkono ukaruka juu, miguu ikaenda pande mbili, kichwa kikabingirika kwenye mstari mweupe, na kiwiliwili ndani ya shati kikaanguka kifudifudi lamini.

"Mwanangu!"

Mama mkwe alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Alikuwa amepiga hatua mbili za kukimbia kuelekea barabarani kabla Fundi hajamkumbatia kiunoni. "Mama, ni sanamu. Ni sponji, mama. Yule pale, yuko ndani ya gari, mtazame." Lakini Fundi mwenyewe, aliyeokota vichwa mia, aliyekula mkate wake huku ameegemea mguu wa Shangazi, siku hiyo hakujua nani alikuwa akimshikilia mwenzake.

Mlango wa gari ukafunguka. Kanyaga akatoka polepole. Alikitazama kile kiwiliwili, akasogea, akainama, akashika kola kwa vidole viwili. Akaigeuza upande ule uliochakaa. Kisha akainua kichwa akatafuta turubai, akamwona mkewe na mama yake wameshikana kama watu wanaosubiri habari kituo cha polisi.

Aliokota mkono, akaokota miguu, akavipanga vyote juu ya lami kwa mpangilio wake, kwa uangalifu, kana kwamba vinaweza kuumia.

Mhandisi alimfuata pale. Sauti yake ilikuwa ileile ya taratibu. "Usilikasirikie gari. Limefanya kazi yake. Lilikuja kwa kasi kubwa, na lilipomfikia lilikuwa limeshapunguza zaidi ya nusu. Angekuwa mtu wa kweli, huenda angevunjika mguu. Bila breki hizi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

"Lakini limemgonga," Kanyaga alisema.

"Limemgonga. Lilimwona pale alipotokea, siyo kabla. Halijui kwamba nyuma ya gari la mizigo huwa kunatokea watu. Wewe unajua?"

"Mimi?" Kanyaga alifuta uso kwa kiganja. "Mimi najua tangu sijaanza kulipwa."

Dereva wa majaribio, yule mnyamavu, alizungumza kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi njoo uendeshe."

Fundi alikuja na gundi na sindano, akamfunga Bwana Harusi haraka haraka, sumaku zikashikana, kichwa kikarudi mahali pake kikiwa kimepinda kidogo. Kanyaga akakaa nyuma ya usukani. Gari likaondoka kwa mwendo uleule wa kuvuma, jua lileile usoni. Lakini kabla halijafika kwenye gari la mizigo, likaanza kupunguza. Hakuna mlio, hakuna pua iliyoinama. Likapunguza tu, likajisogeza kidogo kuelekea katikati, na shati la kijani lilipochomoka, gari lilikuwa likitambaa. Likasimama mbali. Bwana Harusi akavuka na shingo yake iliyopinda, akaenda zake.

"Umejuaje?" mhandisi alimuuliza dirishani.

"Niliona viatu vyake chini ya gari," Kanyaga alisema. "Halafu pale ndipo mahali pa mtu kutokea. Ningekuwa mimi natembea, ningetokea pale."

Mhandisi aliangalia skrini yake ndogo. "Gari halikuhitaji hata kukuonya," alisema. "Likae hivyohivyo. Liwe linakusubiri wewe ukosee, na wewe usilipe nafasi."

Mama mkwe alimngoja mwanawe chini ya turubai. Alipofika alimpiga kofi la bega, si la kuumiza, kisha akamvuta na kumnusa kichwani kama anavyonuswa mtoto mchanga. "Siku nyingine ukitaka kunitisha," alisema, "vaa mwenyewe nguo zako." Wageni wakaangua kicheko, na Kanyaga akacheka nao, ingawa macho yake yalikuwa yanang'aa.

Walipokuwa wakirudi nyumbani alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akauliza, bila kugeuza kichwa, "Ulinivalisha makusudi?"

"Nilivuta shati mfukoni bila kutazama," Fundi alisema. "Nilipotazama, ndiyo nikaacha makusudi."

Kanyaga alifikiri. "Ningefanya vilevile," akasema.

Hakugeuka malaika. Haraka yake haikuisha. Bado alikuwa akipiga honi kabla taa haijawa kijani, na bado alikuwa akibishana na wenzake kijiweni, ila sasa alibishana kwa upande mwingine. Dereva mmoja kijana alipomwonyesha jinsi gari lake linavyokwenda bila mikono, Kanyaga alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni kitu kizuri sana. Siku moja kitakuokoa, kama kilivyoniokoa. Sasa shika usukani." Kila asubuhi alifuta kioo mbele ya kamera kwa kitambaa safi, akapangusa matope puani pa gari ambako rada inakaa, na kengele zote aliziacha zikiwa zimewashwa. Abiria waliolalamikia kelele aliwaambia ni mke wa pili, avumiliwe. Kwa Fundi alisema ni mke wa tatu, wa pili ni mama.

Jumapili moja walikuwa wakienda kwa dada yake Fundi, aliyekaa nje ya mji, wote watatu na watoto nyuma wamebanana. Nusu ya njia mvua ilishuka. Ilishuka kwa ndoo, vifutio vikashindwa, barabara ikawa nyeupe. Kwenye dashibodi taa ya njano ikawaka na maneno madogo yakatokea.

"Linasema nini?" mama mkwe aliuliza, maana miwani yake mipya ilimpa hamu ya kusomewa kila kitu.

"Linasema haliwezi kuona," Kanyaga alisema. "Limesema kweli. Hata mimi sioni."

Akapunguza mwendo, akawasha taa, akaacha nafasi kubwa mbele yake, kubwa mno hata magari mengine yakawa yanaingia humo, naye akayaachia. Watoto walianza kuhesabu magari yaliyowapita, wakachoka. Fundi alifungua mfuko, akawagawia ndizi, akamenya moja na kumlisha mumewe kipande kimoja kimoja, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Mama mkwe alisinzia, kichwa kikaegemea bega la mjukuu. Hakuna aliyeona haja ya kufika mapema.

Walipofika, dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli, uso umekunjamana.

"Shemeji," alimwambia Kanyaga, "wewe? Leo wewe ndiye wa mwisho? Chakula kimepoa!"

"Kipashe moto, shemeji," Kanyaga alisema akimshusha mama yake kwa mkono. "Sisi tuna njaa, na hatuna haraka."

Dada akamtazama Fundi kama anayeuliza kilichompata mtu huyu. Fundi aliinua mabega, akachukua sufuria kubwa kutoka jikoni, akawasha jiko. Nje mvua ilikuwa bado inapiga bati, na ndani watoto walikuwa wakigombania viti.